Viatu vya Kutembea Tu

Jinzi ninayo. Ya buluu, imepauka magotini
kama ya mtu anayesali sana, na sisali hivyo.
Nilichokosa ni viatu.

Nilikuwa na vyeusi vya ncha kali, vya msibani:
vimezika watu kumi na mmoja,
havijacheza hata mara moja.
Nilikuwa na buti za mvua za kazini, na buti si zangu.
Nilikuwa na kandambili, na usiku ule mlima ulipotema moto
zilinibwaga njiani, moja Katindo,
nyingine hata leo sijui.

Mji wetu umelala juu ya moto uliopoa.
Mawe yake bado yana meno.
Soli nyembamba huitafuna
kama mtoto anavyotafuna muwa, hadi maganda.

Basi Jumamosi nikashuka Birere kwa Kahambu,
anayepanga viatu vya wanaume juu ya turubai,
kila kimoja kimeshindiliwa gazeti tumboni kisinywee.
"Vya kwenda wapi?" akauliza.
Nikakosa jibu.
Si kazini. Si kanisani. Si kwa maiti.
"Vya kutembea tu," nikasema, nikaona haya,
kana kwamba nimeomba kitu cha matajiri.

Akanipa mokasini, rangi ya damu ya mzee.
Laini, nzuri, lakini kisigino kilichomoka kila hatua;
zilikuwa kama rafiki anayeitikia kila neno.
Akagusa raba nyeupe, akacheka mwenyewe:
"Nyeupe, na vumbi hili jeusi?
Utakuwa mtumwa wa brashi."
Kisha akafukua chini ya rundo
jozi ya ngozi iliyokunwa, rangi ya chai ya maziwa,
shingo inafika kwenye kifundo na kukomea hapo,
soli ya mpira, nene kama mkate wa jana.

"Kunja suruali. Hapana, mara moja tu.
Jinzi ikigusa kiatu, iguse kama mkono begani,
isikilalie kama mlevi."

Nikasimama. Nikachuchumaa. Nikapanda jiwe, nikashuka.
Kidole gumba kilipata chumba, na nafasi ya mgeni.
Alisema dola kumi na tano, nikasema nane,
akatazama mbinguni, nikatazama mfuko.
Ndipo akashusha sauti, bila kuniangalia,
akauliza swali ambalo kila mtu wa Goma
huiuliza miguu yake:
"Umejaribu kukimbia?"

Nikakaza kamba. Nikakimbia
hadi kwa muuza sambaza.

Na soko likageuka nyuma yangu.
Mama wa sambaza alishatwika beseni, maji yakimchuruzika shingoni.
Chukudu lenye magunia ya makaa likapinduliwa uso.
Mlango wa bati ukavutwa, kraa.
Mtoto akanyakuliwa kwa mkono mmoja, kama mfuko.
Hakuna aliyeuliza kuna nini.
Hapa tunaanza na miguu;
habari itatukuta mbele.

"Ni viatu!" nikapaza sauti. "Mama, ni viatu tu!
Najaribu viatu!"

Kimya, cha pumzi mbili.
Halafu mtu akacheka, halafu wengine,
na mwenye chukudu akanitukania ukoo mzima
kwa upole, kama mtu anayetoa salamu.
Mama akatua beseni. Mikono yake ilitetemeka kidogo,
akaificha kwenye kitenge.
Akanitazama kuanzia chini kwenda juu.
"Angalau vinapatana na jinzi," akasema.

Nililipa kumi, na franga chache za juu kwa ajili ya aibu.
Kahambu akachukua yale magazeti ya tumboni,
akayanyoosha juu ya paja,
akayaweka kwa ajili ya jozi nyingine.

Nami nikapanda kuelekea Majengo,
mawe yakiniuma bila kufika,
polepole, makusudi,
katikati ya njia,
watu wote waone
kwamba natembea.